Damu ikitoka kwenye mishipa iliyovimba ya utumbo mwembamba: tufanye nini, kuanzia nyumbani hadi wodini

Ukishika zamu ya usiku katika hospitali yoyote ya Kanda ya Ziwa, ipo siku utampokea. Mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mvuvi au mkulima wa mpunga, mkewe kashika beseni. Ametapika damu mara mbili njiani. Ukiuliza historia, unaambiwa ana vidonda vya tumbo na amemeza omeprazoli mwaka mzima. Ukimpapasa ubavu wa kushoto unakuta bandama imeshuka hadi karibu na kitovu, na juu ya ngozi kuna chale za zamani alizochanjwa utotoni.

Huyo shida yake huenda si vidonda. Ana presha, lakini si ile inayopimwa mkononi. Ni presha ya mshipa unaopeleka damu kwenye ini.

Wengi wa namna hii hupasukiwa na mishipa ya umio, yaani njia ya chakula kati ya koo na mfuko wa chakula. Wapo wachache ambao mshipa uliopasuka uko mbele zaidi, kwenye utumbo mwembamba, hasa duodeni, ile sehemu ya kwanza inayopokea chakula kikitoka kwenye mfuko. Kati ya wote wanaotokwa damu kwa mishipa iliyovimba, wenye chanzo nje ya umio na mfuko wa chakula hawazidi asilimia 5 hivi. Ni wachache, ila ndio wanaotutoa jasho. Damu yao hujificha, na vifaa tulivyozoea haviwafikii.

Mwongozo huu nimeuandika kwa watu wawili: ndugu aliye nyumbani na mgonjwa, na mtabibu kijana aliyeko kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Kila mmoja atakuta pa kwake, lakini asome na pa mwenzake.

Kabla ya yote: damu imefikaje huko?

Damu yote inayotoka kwenye matumbo, bandama na kongosho hukusanyika kwenye mshipa mmoja mkubwa, mshipa wa porta, ikaingia ini, kisha ikaelekea moyoni. Njia hiyo ikizibwa, damu haisimami ikangoja. Hufanya kama daladala barabara kuu inapofungwa: huchepukia vichochoroni. Tatizo ni kwamba vichochoro havikujengwa kubeba magari hayo. Mishipa midogo yenye kuta nyembamba hutanuka, hujikunja kama nyoka, na siku moja hupasuka. Kwa mtu mzima wa afya, tofauti ya presha kati ya upande wa porta na upande wa pili wa ini haizidi 5 kwa kipimo cha milimita za zebaki. Ikivuka 12, hatari ya kupasuka inakuwa kubwa.

Kwenye duodeni, mchepuko hupita katika mishipa midogo ya kongosho, ukaenda nyuma ya tumbo kuutafuta mshipa mkuu unaorudisha damu ya sehemu ya chini ya mwili. Kumbuka picha hiyo, tutaihitaji tukifika kwenye matibabu.

Nini kinaziba? Huku kwetu ziwani, cha kwanza kukifikiria ni kichocho cha tumbo. Mayai ya minyoo hunaswa ndani ya ini na kuacha makovu kando ya matawi ya porta. (Kichocho cha Pwani na Zanzibar, kile cha kukojoa damu, ni cha aina nyingine na hushambulia kibofu. Watu huvichanganya sana.) Cha pili ni ini lililojaa makovu kutokana na homa ya ini B au C, au pombe. Cha tatu, ambacho hukumbukwa kwa kuchelewa, ni damu kuganda ndani ya mshipa wa porta wenyewe. Kwa mtoto inaweza kuanzia kwenye kitovu kilichopata maambukizi akiwa mchanga. Kwa mtu mzima, kongosho lililowahi kuvimba au saratani. Ukiona mishipa ya duodeni, sababu hii ya tatu usiiache bila kuitafuta kwa ultrasound.

Na aliyewahi kupasuliwa tumbo anaweza kuota mishipa hii mbele zaidi kabisa, pale utumbo uliposhikana na kovu la ndani.

Hatua ya kwanza: nyumbani

Itambue damu. Ikitoka kwenye duodeni inaweza kurudi juu akatapika, nyekundu au kama masalia ya kahawa. Mara nyingi hushuka chini, na choo kinakuwa cheusi, kinanata kama lami, chenye harufu ambayo ukishaikuta siku moja hutaisahau. Ikitoka nyingi kwa kasi, choo huwa chekundu kabisa. Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kiwe cheusi, lakini hakinati wala hakina harufu ile. Ukiwa na shaka, ihesabu ni damu.

Dalili za kwamba imepotea nyingi: kizunguzungu akisimama, jasho la baridi, viganja vyeupe, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa.

Mlaze kwa ubavu wa kushoto ili akitapika asipaliwe. Asile wala asinywe: si maziwa, si dawa ya mizizi, si soda. Usimpe diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini, hata akilia tumbo linauma. Kisha muondoke. Hii si ya kungoja asubuhi. Kama mko kisiwani na kuna chombo cha kuvuka, kivukeni sasa.

Kuhusu bodaboda: najua mara nyingi ndiyo iliyopo. Mgonjwa aliyepoteza damu akikaa wima kati ya watu wawili anaweza kuzimia njiani, kwa hiyo hata bajaji au gari la mizigo ambamo atalala ni bora. Kama hakuna kingine, pandeni hiyo hiyo bodaboda.

Chukua vitu vitatu: cheti na kadi zake zote za kliniki, dawa zote anazomeza pamoja na za kienyeji, na ndugu wawili wenye afya watakaoweza kutoa damu. Halafu piga picha kwa simu ya alichotapika au alichokwenda choo. Daktari atakayemwona saa sita baadaye atakushukuru. Maneno "nyingi" na "kidogo" kila mtu ana kipimo chake, lakini nusu ya beseni ni nusu ya beseni.

Hatua ya pili: zahanati au kituo cha afya

Kazi yako hapa si kuponya, ni kumfikisha akiwa hai. Weka kanula mbili kubwa, ya kijivu au ya chungwa ukiipata, moja kila mkono. Chukua damu ya kupima kundi na wingi kabla hujafungua dripu. Mpe maji ya chumvi au Ringer kwa kiasi: unatafuta presha ya juu iwe kama 90 hadi 100, mkojo utoke, na akili zake ziwe sawa. Usimimine maji mpaka presha iwe 130. Damu itakuwa nyepesi, na mshipa wa porta nao utajaa na kusukuma kwa nguvu kwenye tundu lile lile.

Kama seftriaksoni ipo, mpe gramu 1 kwenye mshipa. Watu hushangaa: anatokwa damu, antibaotiki ya nini? Kwa mwenye ini bovu, vijidudu vya utumbo huingia kirahisi kwenye damu wakati huu, na maambukizi hayo huongeza kutoka damu tena na huongeza vifo. Ni sindano moja ya bei nafuu.

Sindano ya traneksamiki iache kabatini. Inawasaidia akina mama wanaotokwa damu baada ya kujifungua na majeruhi wa ajali, ndiyo maana mikono yetu huikimbilia. Lakini utafiti mkubwa uitwao HALT-IT, uliochapishwa mwaka 2020 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 12,000 wa kutokwa damu tumboni, haukuona ikipunguza vifo, na damu kuganda kwenye mishipa isikotakiwa kuliongezeka.

Piga simu kule unakompeleka kabla gari halijawashwa. Taja kundi la damu. Andika kwenye barua ya rufaa maneno haya: bandama kubwa, au maji tumboni, au macho ya njano, chochote ulichokiona kinachoonyesha ini. Ukiandika "kutapika damu" peke yake, atapokelewa kama mgonjwa wa vidonda na kuanzishiwa dawa za vidonda.

Hatua ya tatu: hospitali, saa za kwanza

Mgonjwa akifika, ndugu wote huuliza damu ina ngapi. Mgonjwa ana 6, wanataka aongezewe ifike 12. Waeleze taratibu: hatutaki ifike 12. Kwa mgonjwa huyu tunaongeza ikishuka chini ya 7, na tunasimama kwenye 7 hadi 8, isipokuwa ana ugonjwa wa moyo au damu bado inamwagika mbele ya macho yetu. Utafiti uliofanyika Hispania na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha waliobaniwa damu namna hiyo waliishi zaidi kuliko waliojazwa. Sababu ni ile ile ya daladala: ukiongeza magari wakati barabara imefungwa, unabomoa vichochoro.

Anza dawa ya kushusha presha ya porta mara tu unaposhuku, usingoje kipimo. Ipo terlipresini, miligramu 2 kwenye mshipa kila saa 4 mwanzoni. Ipo oktreotaidi, maikrogramu 50 kwa mkupuo, kisha maikrogramu 50 kila saa kwa dripu. Hutumika siku 2 hadi 5. Terlipresini hubana mishipa ya mwili mzima, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa moyo, au ambaye oksijeni yake iko chini, usimpe bila kufikiri mara mbili; oktreotaidi ni mpole zaidi. Hospitali nyingi za wilaya hazina hata moja, na hilo peke yake ni sababu ya kutosha ya kutoa rufaa usiku huo huo.

Endelea na seftriaksoni gramu 1 kwa siku, isizidi siku 7. Mpe laktulosi, dawa ya kulainisha choo, mwenye ini lenye makovu, maana damu iliyobaki tumboni huoza ikawa sumu ya ubongo, akaanza kusema ovyo.

Sasa kuhusu ule mpira wenye maputo. Wazee wetu wa kazi waliufundisha vizuri: unaingizwa puani au mdomoni, puto linajazwa, linakandamiza mishipa ya umio na ya juu ya mfuko wa chakula. Umeokoa watu. Lakini hauna puto linalofika duodeni. Kama umeuweka sawasawa na damu bado inakuja, usizidi kujaza hewa, utapasua umio. Uchukulie kama taarifa kwamba chanzo kiko chini zaidi.

Hatua ya nne: kamera, na kutosimama mapema

Kipimo cha kuingiza mpira wa kamera kifanyike ndani ya saa 12 tangu mgonjwa afike, akishatulia. Eritromaisini miligramu 250 kwenye mshipa, nusu saa hadi saa mbili kabla, husukuma damu iliyoganda kutoka kwenye mfuko ili uone. Anayetapika damu mfululizo au aliyechanganyikiwa awekewe kwanza mpira wa kupumulia.

Hapa ndipo mgonjwa wetu hupotea. Mpimaji anaingia, anakuta mishipa midogo kwenye umio ambayo haitoki damu, anaifunga raba, anatoka, anaandika ripoti. Siku ya pili choo bado ni cheusi. Mishipa ya umio ilikuwepo kweli, lakini haikuwa na hatia. Ukiona umio hauna alama ya kupasuka na mfuko ni msafi, endelea mbele: sehemu ya kwanza ya duodeni, ya pili, na ya tatu kama kamera inafika. Tafuta uvimbe wa bluu uliojikunja, wenye doa jekundu au kichunusi cheupe mahali damu ilipojiziba.

Na tafadhali, usinyofoe kipande kupeleka maabara. Mshipa wa duodeni unaweza kuonekana kama uvimbe wa kawaida chini ya ngozi ya utumbo, na mkono wa mpimaji huwashwa kuchukua kipimo. Uguse kwanza kwa koleo iliyofungwa. Ukibonyea laini, acha. Nimeona beseni likijaa kwa sababu ya kipande kisichozidi punje ya mchele, na sitaki kuona tena.

Matibabu ya kamera ni mawili hasa. La kwanza ni gundi ya sianoakrileti, inayochomwa ndani ya mshipa na kuganda humo papo hapo. Kwa mshipa mnene wa duodeni ndiyo inayopendekezwa zaidi. Hatari yake ni chembe ya gundi kusafiri na damu hadi kwenye mapafu, kwa hiyo inachomwa kidogo kidogo, na mkono uliozoea. La pili ni raba, zile zile za umio. Kwa mshipa mdogo zinatosha. Kwa mnene, raba hushika upande mmoja tu wa ukuta, na ikidondoka baada ya siku kadhaa huacha kidonda kinachoweza kutoa damu kuliko mwanzo. Tena ukuta wa duodeni ni mwembamba na unaweza kutoboka. Ukiwa huna gundi na mgonjwa anakwisha, funga raba, lakini jua umenunua muda wa kumsafirisha. Weka na klipu ya chuma kando ya mshipa ili wataalamu wa picha za mionzi wapate kuuona.

Kamera isipoona kitu na damu inaendelea, piga CT, ile picha ya mionzi ya kompyuta, yenye dawa ya kung'arisha mishipa. Itaonyesha mishipa iliyovimba, itaonyesha kama porta imeziba, na itachora njia damu inayopitia. Bila ramani hiyo hatua inayofuata haiwezekani. Kidonge cha kamera na mpira mrefu wa kufika katikati ya utumbo mwembamba vipo duniani, ila havipo sehemu nyingi za Afrika Mashariki.

Hatua ya tano: gundi ikishindwa

Zimebaki njia tatu, na hakuna iliyo rahisi.

Kuna kutengeneza njia mpya ndani ya ini, inayoitwa TIPS: daktari bingwa wa mionzi anaingilia mshipa wa shingo, anatoboa ini kwa ndani, na kuunganisha porta na mshipa unaokwenda moyoni kwa bomba la wavu wa chuma. Presha hushuka. Haimfai mwenye moyo ulioshindwa, wala mwenye kuchanganyikiwa mara kwa mara kwa ajili ya ini, kwani damu itapita bila kuchujwa.

Kuna kuziba kichochoro chenyewe: mpira mwembamba wenye puto unapitishwa kutoka kwenye paja, unafuata ule mchepuko wa nyuma ya tumbo hadi kwenye mishipa ya duodeni, puto linafunga mlango na dawa ya kuigandisha inaingizwa. Damu husimama vizuri. Lakini presha ya porta haikushuka, na kwa sababu umefunga njia moja, mishipa ya umio inaweza kunenepa baadaye. Ndiyo maana aliyefanyiwa hivi lazima arudi kupimwa umio.

Na kuna kisu: kuushona mshipa, kukata sehemu ya utumbo, au kuunganisha mshipa wa porta na mwingine. Hapa mgonjwa wetu wa kichocho ana bahati ambayo mwenzake wa pombe hana. Ini lake lina makovu kandokando ya mishipa, lakini seli zake bado zinafanya kazi, hivyo huhimili upasuaji vizuri zaidi. Wamisri, ambao kichocho kimewatesa kwa karne nyingi, walijenga ujuzi mkubwa wa kuondoa bandama pamoja na kufunga mishipa inayolisha ile iliyovimba. Ila kuondoa bandama peke yake si dawa, na baada yake porta inaweza kuziba kwa damu iliyoganda. Atahitaji chanjo za kumkinga, na akipata homa kali asikae nayo nyumbani.

Ndugu, ukiambiwa rufaa ya njia hizi, uliza mambo mawili: je, CT imeshafanyika na picha ziko kwenye CD, na je, huko anakokwenda huduma hiyo inafanyika kweli mwezi huu. Kumsafirisha mgonjwa kilomita mia nane akakute mashine mbovu ni ukatili.

Hatua ya sita: ameruhusiwa, kazi imeanza

Kama chanzo ni kichocho, ameze prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Haitafuta makovu ya zamani, ila inaua minyoo inayotaga mayai mapya. Wenzake wa nyumba moja nao wameze. Wanaoga ziwa lile lile. Kama ni homa ya ini B, kuna tenofovia. Kama ni pombe, imekwisha, hata ile ya msibani.

Propranololi hupunguza presha ya porta. Huanza kidogo, miligramu 20 mara mbili kwa siku, hadi mapigo ya moyo yafike 55 hadi 60. Mwenye pumu asipewe. Presha ya mkononi ikishuka chini ya 90, isimamishwe na arudi kliniki. Ushahidi wake ni mkubwa zaidi kwa mishipa ya umio kuliko ya duodeni, lakini mgonjwa wetu kwa kawaida anayo yote mawili.

Kamera irudiwe baada ya wiki 2 hadi 4. Wengi hawarudi, kwa sababu wamepata nafuu na nauli ni kubwa. Mkipanga bajeti ya ugonjwa huu, wekeni nauli ya kurudi pembeni kabla hamjalipa deni lingine.

Akianza vidonge vya kuongeza damu, mwambie choo kitakuwa cheusi, ili asishtuke kwa hilo; kisha mfundishe ile tofauti ya kunata na harufu, ili asizoee na kunyamaza siku damu ya kweli itakaporudi.

Mwisho, chukua kadi yake ya kliniki na kalamu nyekundu. Juu kabisa, kabla ya jina la dawa yoyote, andika: "Alitokwa damu kwenye DUODENI, si umio, si kidonda." Weka tarehe, na kama alichomwa gundi, andika. Akirudi usiku wa manane mikononi mwa mtu asiyemjua, mstari huo ndio utakaomfanya mpimaji asiishie kwenye umio.